Huyu tu, na mara hii tu

(Mazungumzo niliyowapa vijana hapa Mombasa. Nimeyaandika vile nilivyoyasema, pale maiki ilipozimika nimejazia kwa kumbukumbu.)

Haya jamani. Wazee shikamooni, vijana mambo. Mnanisikia huko nyuma? Ehe, sawa. Nimeambiwa nizungumze kuhusu maamuzi ya leo yanavyokuja kutuumiza kesho, na mwenyekiti kaniomba nisiguse siasa sana. Sasa mwenyekiti, unamwita mwalimu wa historia alafu unamwambia asiguse siasa, si ni kama kumwita mvuvi ukamwambia asinuke samaki. Lakini nitajaribu, nianze na mpira.

Zamani kidogo nilikuwa katibu wa ligi ya mtaani, timu nane, zawadi ni mbuzi na jezi. Tulikuwa na sheria moja ngumu, usajili unafungwa tarehe fulani na ikipita imepita, usije ukalia. Kulikuwa na kijana mmoja winga, mguu wa kushoto, akishika mpira hata wauza mahamri wanaacha karai wanakuja kuangalia. Akaugua, akalazwa, akatoka hospitali siku kumi baada ya usajili kufungwa. Kikao kikaitwa na mamake mwenyewe akaja, akakaa kwa benchi kimya hakusema neno. Sasa wewe utasema nini mbele ya yule mama? Kamati ikaamua basi, huyu tu, na mara hii tu. Hakuna aliyepinga. Kijana akacheza mechi mbili, hakufunga bao hata moja, hakumdhuru mtu.

Msimu uliofuata nikapokea barua kumi na moja. Mmoja alikuwa amefiwa na shemeji, mwingine alikuwa safari Malindi, mwingine ati kitambulisho kililoa mvua. Na moja haikuwa na sababu kabisa, imeandikwa tu: kama mlivyomfanyia yule. Hio barua mimi sijawahi kuisahau, manake mwenye kuiandika hakuwa mjinga, alikuwa ametuelewa kuliko tulivyojielewa sisi wenyewe. Sisi tulidhani tumemsaidia mgonjwa. Yeye aliona tarehe inafutika.

Sasa tutoke uwanjani twende Nairobi, mwaka 1975.

Paul Ngei, wangapi hapa mnamjua? Watatu, na wote mna mvi, haya. Ngei hakuwa mtu mdogo. Ni mmoja wa wale sita wa kesi ya Kapenguria, walioshikwa na wakoloni Oktoba 1952 ati ndio wanaongoza Mau Mau, yeye na Kenyatta, Kaggia, Kubai, Karumba na Achieng Oneko, wakahukumiwa 1953. Ngei na Kenyatta walifungwa Lokitaung kule Turkana, jua na mchanga. Nchi ilipopata uhuru Ngei akawa waziri. Alafu uchaguzi wa 1974 akashinda Kangundo, mpinzani akaenda kortini, na korti ikaona kwamba Ngei ametenda kosa la uchaguzi, alimtisha mwenzake. Adhabu yake kisheria unapoteza kiti na hugombei tena kwa miaka mitano.

Ngei akabaki nje. Na rafiki yake Kenyatta ndiye rais, lakini rais hana la kufanya, manake katiba wakati ule ilimpa rais uwezo wa kusamehe wahalifu wa kawaida, haikumpa uwezo wa kusamehe kosa la uchaguzi. Kuna ukuta hapo. Na ule ukuta uliwekwa kwa akili, kwa sababu wa kwanza kuhitaji msamaha wa kosa la uchaguzi siku zote atakuwa ni mtu wa rais.

Basi ikafanywa nini? Desemba 1975 mswada wa kubadilisha katiba ukaletwa bungeni, rais apewe uwezo wa kusamehe na makosa ya uchaguzi pia, tena sheria irudi nyuma imkute Ngei pale alipo. Ukapita hatua zote kwa siku moja. Katiba ya nchi! Mimi kubadilisha jina kwa cheti cha kuzaliwa cha binti yangu ilinichukua miezi saba. Ngei akasamehewa, akagombea, akarudi bungeni na kwa uwaziri wake.

(Hapa kijana mmoja akauliza, kwani mwalimu, mtu aliyefungwa kwa ajili ya uhuru hakustahili kuhurumiwa?)

Swali zuri, na ndio maana nimemchagua Ngei nikaacha wezi wengine wa kawaida. Mimi sibishani kama alistahili. Watu walimpenda, na alikuwa ameteseka kweli. Lakini angalia mwenzake. Achieng Oneko, wa kesi ile ile ya Kapenguria, mwaka huo huo wa 1975 ndio alikuwa ametoka kizuizini, amewekwa ndani tangu 1969 bila kesi na serikali ya mtu waliyeshtakiwa naye pamoja. Wawili wa kesi moja. Mmoja amebadilishiwa katiba kwa siku moja ili asamehewe, mwenzake amekula miaka sita ndani bila hata kuambiwa kosa lake mbele ya hakimu. Sasa uniambie hio ni huruma. Huruma gani hio inachagua?

Na Oneko alifikaje huko? Hapo turudi nyuma tena, 1966. Nisamehewe narukaruka, historia yenyewe haiendi kwa mstari.

Aprili 1966 Jaramogi Oginga Odinga akajiuzulu umakamu wa rais akaanzisha chama cha upinzani, KPU, na wabunge kama thelathini hivi wakamfuata, Oneko akiwemo. Fasta katiba ikabadilishwa: mbunge akihama chama lazima arudi kwa wapiga kura. Ukiisikia hivo unasema mbona ni sawa tu, hata mimi leo wakihama nataka warudi. Shida ni kwamba sheria ilitungwa wale watu wakiwa tayari wameshahama, ikarudi nyuma ikawanasa. Wakapelekwa uchaguzi ule ulioitwa uchaguzi mkuu mdogo, Juni, na KPU ikatoka na viti tisa pekee bunge zote mbili. Mwaka ule ule mlango wa kuweka watu kizuizini bila kesi ukapanuliwa, ati kwa usalama wa umma. Oktoba 1969 ikatokea ile ya Kisumu, siku Kenyatta alipokuja kufungua hospitali, watu wakapigwa risasi, KPU ikapigwa marufuku, Odinga na Oneko ndani.

Mnaona sheria ya kurudi nyuma ilianza 1966 kwa watu waliochukiwa, alafu 1975 ikatumika kwa mtu aliyependwa. Chombo ni kile kile. Na mimi nimekuja kuona kwamba uzio wa sheria hung'olewa kwa mikono hio miwili, kupenda na kuchukia, na ule wa kupenda ndio hatuuoni.

Na msidhani kina Odinga walikuwa malaika wamekaa pembeni. 1964 alipokuwa serikalini katiba ilianza kukatwakatwa, majimbo yakanyang'anywa nguvu, na sisi watu wa Pwani tunakumbuka Ronald Ngala na chama chao cha KADU, kilichotetea majimbo, walivyobanwa mpaka Novemba mwaka huo wakavunja chama wakaingia KANU, chama tawala. Wakati ule waliokuwa upande wa juu walipiga makofi. Miaka miwili tu mbele, makofi yakahamia kwa wengine.

Hii ya kizuizini nataka muishike vizuri. Baada ya Odinga, hio sheria haikupumzika. Oktoba 1975 mbunge Martin Shikuku alisema bunge linataka kuuliwa kama KANU ilivyouliwa, akaulizwa athibitishe, Seroney aliyekuwa naibu spika akasema jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Siku chache baadaye wote wawili wakachukuliwa kwa majengo ya bunge, wakawekwa kizuizini. Na maneno yale Seroney aliyasema amekalia kiti cha spika! Alafu 1990 ikafika kwa Kenneth Matiba, mtu aliyekuwa waziri wa serikali hio hio mpaka Desemba 1988. Alitoka huko afya imeharibika, wakubwa wenu mnakumbuka. Njia ya kumfunga mtu bila kesi ilikuja kuondolewa 1997. Miaka thelathini na moja, na ilianza kwa sababu ya chama kimoja kilichofuatwa na watu thelathini.

Nitaje na Mwai Kibaki, aliyekuja kuwa rais, haraka haraka. Juni 1982 Kenya ikafanywa nchi ya chama kimoja kisheria, kifungu cha 2A, na Kibaki akiwa makamu wa rais aliuunga mkono ule mswada bungeni. Desemba 1991 kifungu kikafutwa, na siku ya Krismasi nani akatoka serikalini akaenda kuanzisha chama chake? Kibaki huyo huyo. Akahitaji mlango alosaidia kuufunga. Bahati yake wengine walikuwa wameshaufungua, tena kwa damu yao.

(Mwenyekiti akanionyesha saa.)

Naona, mwenyekiti, naona. Sasa nije hapa nyumbani, na hapa najua wengine hamtapenda.

Agosti 2012 Sheikh Aboud Rogo, mhubiri wa hapa Mombasa aliyeshutumiwa kuwaunga mkono al-Shabaab, alipigwa risasi akafa, yuko na familia kwa gari, barabara ya Malindi. Aprili 2014 mhubiri mwenzake Abubakar Shariff, aliyeitwa Makaburi, naye akapigwa risasi akafa karibu na korti ya Shimo la Tewa. Miaka ile kukawa na vijana wa Pwani wanachukuliwa na watu wasiojulikana, gari halina namba, na wengine hawajarudi mpaka leo, mama zao mnawajua, wengine mko jirani. Sasa mimi sisemi Rogo alikuwa anahubiri maneno mazuri, mahubiri yake mengine yalinitisha hata mimi. Nauliza tu nchi ilisema nini? Nilikuwa Nairobi kwa shughuli zangu wiki moja, kwa matatu mtu anasema waziwazi, wacha, hao ni magaidi, korti zitawaachilia. Abiria wengine kimya. Mimi mwenyewe na kofia yangu, kimya, nikaangalia dirisha.

Alafu ikaja 2024, Juni, vijana wa maandamano ya kupinga mswada wa fedha, ule wa kuongeza kodi. Watoto wa wenye nyumba nzuri, wana simu, wana wafuasi mtandaoni. Wakaanza kuchukuliwa na watu wamefunika nyuso, gari halina namba. Nchi ikashtuka, ati tumefika hapa lini? Hapa Majengo na Kisauni watu waliangaliana tu. Hakuna aliyecheka lakini waliangaliana.

Yule abiria wa matatu, huenda mwanawe alikuwa barabarani 2024. Sijui na sipendi kumwombea mabaya. Lakini yeye siku ile alidhani anazungumza kuhusu Rogo.

Mtu mmoja hapa mbele amesema sasa si tuna katiba ya 2010, si basi. Ndio, na imesaidia. Wale waliotaka kuibadilisha kupitia BBI, ule mpango wa Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga, walizuiliwa Mahakama Kuu Mei 2021, Mahakama ya Rufani Agosti, na Machi 2022 Mahakama ya Juu nayo ikasimamisha. Watu wakalalamika ati katiba hii ngumu kubadilisha, inachelewesha mambo. Mimi nikisikia inachelewesha nafurahi kabisa, manake kile kilichokosekana Desemba 1975 ni kuchelewa tu, wiki mbili za watu kulala wakaamka wakafikiri. Lakini katiba haipandi matatu. Wenye kupanda ni sisi.

Maswali? Nimeambiwa mawili tu. Ehe, dada wa leso ya kijani.

(Akauliza, mwalimu ile ligi iliishaje, na nani alifuta ile tarehe?)

Ha! Nilidhani mmesahau. Ligi iliendelea misimu miwili. Barua kumi na moja tulikubali nne, tukakataa saba, ukiniuliza kwa kigezo gani sijui, nadhani waliokuwa na jamaa kwa kamati. Timu tatu zikajitoa, zikaanzisha ligi yao Bamburi, na ile fainali ya mwisho haikuchezwa, mbuzi alirudi kwa mwenyewe.

Na kufuta, daftari la usajili ninalo mpaka leo, liko kabatini na vyeti vya watoto. Tarehe imepigwa mstari kwa biro nyekundu na juu yake imeandikwa nyingine, vizuri kabisa kwa mwandiko wa kialimu. Ni mwandiko wangu.