Kwa Nini Kagoshima Huchanua Baada ya Tokyo

Wazee wangu, shikamooni. Wakulima na vijana wa chuo mliopanda hadi huku Lushoto, karibuni sana. Nimeombwa nizungumzie maua yanayotangulia kuchanua katika nchi za baridi, theluji ikiwa ndiyo kwanza inayeyuka, na kwa nini hayachanui siku moja kila mahali. Mwenyekiti ameninong'oneza hapa pembeni: hayo yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu, kwa sababu mipichi na mitufaa tuliyonayo mashambani ni wageni kutoka nchi hizo, na wamekuja na tabia za kwao. Tutafika huko. Kwanza twende Japani.

Wajapani wana mcheri unaoitwa Somei-yoshino. Ndio huo mnaouona kwenye picha, mti mzima umejaa maua ya waridi hafifu hata jani halionekani. Umepandwa shuleni, kando ya mito, barabarani, karibu nchi nzima. Na haupandwi kwa mbegu. Kila mti umebebeshwa kikonyo, yaani umeunganishiwa kitawi, kutoka mti mwingine wa aina hiyo hiyo, nao ulibebeshwa kutoka mwingine, kurudi nyuma hadi karne ya 19. Maana yake mti ulioko Tokyo na ulioko Sapporo ni damu moja. Kwa sisi tunaochunguza mimea, hilo ni jaribio ambalo hakuna taasisi ingeweza kuligharamia: mti mmoja umewekwa kwenye mamia ya hali ya hewa tofauti. Tarehe za kuchanua zikipishana, huwezi kusingizia mbegu. Ni mahali.

Idara ya Hali ya Hewa ya Japani ina miti yake maalumu ya kuangalia. Wa Tokyo uko ndani ya uwanja wa Yasukuni, hekalu la Kishinto. Siku zikikaribia, afisa anakuja, anasimama chini ya mti, waandishi wamemzunguka na kamera, naye anahesabu. Maua yaliyofunguka yakifika matano au sita, anatangaza kwamba Tokyo imeanza kuchanua, na taarifa ya habari inaanza na hilo. Napenda sana utaratibu huu. Hakuna mtambo wowote, ni macho ya mtu na kidole chake.

Kwa wastani wa miaka ya 1991 hadi 2020, Tokyo huanza tarehe 24 Machi, na Sapporo, kule kaskazini, tarehe 1 Mei. Zaidi ya mwezi mzima. Hapo kila mtu anatikisa kichwa kukubali: kusini joto, kaskazini baridi, basi maua yanapanda kutoka kusini. Mhadhara ungeishia hapo kama si Kagoshima. Kagoshima iko kusini mwa kisiwa cha Kyushu, nyuzi 4 za latitudo kusini ya Tokyo, na majira yake ya baridi ni ya upole zaidi. Wastani wake ni tarehe 26 Machi. Siku mbili baada ya Tokyo.

Kuelewa hilo, inabidi tuingie ndani ya tumba. Tumba la ua la mcheri halitengenezwi wakati wa machipuko. Linaundwa majira ya joto ya mwaka uliotangulia, likiwa limefunikwa na magamba madogo ya kahawia. Siku zinapopungua urefu na baridi ikaanza, linalala. Na usingizi huo una kufuli. Ukiukata mti huo tawi mwezi Novemba ukaliweka kwenye chumba chenye joto, halichanui ng'o. Kufuli inafunguliwa na baridi yenyewe: wiki baada ya wiki za baridi ya wastani, ile ya nyuzi chache juu ya sifuri. Mti unaijumlisha. Ikitosha, kufuli imefunguka, na kuanzia hapo tumba linasubiri joto tu. Ukikata tawi Februari ukaliweka ndani, litachanua mapema.

Kwa hiyo kuna hesabu mbili, ya baridi kisha ya joto, na ya pili haianzi vizuri kama ya kwanza haijakamilika. Wajapani wana kanuni ya mtaani kwa hesabu ya pili. Unaanza tarehe 1 Februari, kila siku unachukua kiwango cha juu cha joto na kujumlisha. Ikifika 600, angalia miti. Tuifanye hapa ubaoni kwa Tokyo. Februari joto la mchana huwa kama nyuzi 11. Siku 28 mara 11 ni 308. Imebaki 292. Machi tuseme nyuzi 14. 292 gawa kwa 14 ni siku 21 hivi. Tumefika karibu tarehe 21 Machi. Kwa hesabu ya chaki na ubao, kukosea siku tatu si haba.

Sasa fanyeni ya Kagoshima, yenye joto zaidi: itawaambia ichanue mapema zaidi, na haitakuwa kweli. Kanuni inaanza na dhana kwamba ikifika Februari kufuli zote zimeshafunguka. Kagoshima baridi haitoshi, matumba yanaamka kwa kusuasua, na joto lote lile la Februari linapotea bure. Ndiyo sababu ninapata shida na wanaosema dunia ikipata joto basi maua yote yatawahi. Mengi yanawahi, ndiyo. Lakini majira ya baridi yakilainika kupita kiasi, mti huo huo unaanza kuchelewa.

Na hapo ndipo tulipo sisi. Tufaa la aina nyingi za Ulaya linadai saa 800 hadi 1,000 na zaidi za baridi ya chini ya nyuzi 7. Lushoto hatuzipati, Njombe hawazipati. Ndiyo maana mtu analeta mche mzuri kutoka nje, unakua, unanenepa, miaka inapita, na unatoa maua matatu juu na mawili ubavuni, kwa miezi tofauti. Mkulima anadhani amerogwa au ameuziwa mche dume. Mti wenyewe uko usingizini. Aina kama Anna, iliyozalishwa Israeli, zinaridhika na saa 200 hadi 300, na ndizo za kutafuta sehemu zetu.

Kuna njia nyingine, na naomba vijana wa chuo muishike. Kule Batu, kwenye nyanda za juu za Java, Indonesia, wanavuna matufaha mara mbili kwa mwaka, kwenye nchi ya tropiki isiyo na majira ya baridi. Wiki chache baada ya kuvuna, wanapita shambani wakinyonyoa majani yote kwa mkono, mti unabaki fimbo. Tumba lililoundwa bado halijazama kwenye usingizi mzito. Likinyang'anywa majani linaamka na kuchanua. Yaani wanaliwahi kabla halijafunga kufuli. Ni kazi ya kuchosha, na inataka maji na mbolea ya kutosha, maana mti haupumziki. Lakini inafanya kazi, na wanaifanya kwa miongo mingi.

Nirudi kwenye baridi halisi. Yale maua madogo yanayotoka chini, ardhini, yenye akiba ya chakula iliyovimba kama kitunguu, yana haraka yake. Lipo moja jeupe linaloinamisha kichwa, wataalamu wanaliita Galanthus. Linatoboa hata theluji. Makazi yake ni misituni, na miti ikishaota majani kivuli kinafunga kila kitu. Kwa hiyo linatumia akiba ya kitunguu kuchanua kabla miti haijaamka. Kusini mwa Uingereza huchanua Januari na Februari. Ukienda Montreal, Kanada, ambako ni kusini ya London kwa nyuzi 6 hivi za latitudo, maua hayo husubiri hadi Aprili, kwa sababu London inapepewa na upepo uliopita juu ya bahari ya Atlantiki isiyoganda, na Montreal inapata upepo wa bara lililojaa theluji. Latitudo peke yake haisemi kitu.

Krokasi, ua jingine dogo la namna hiyo, nayo hutangulia, ni ndugu wa zafarani. Zafarani yenyewe, ile ya pilau, ikaamua kuchanua Oktoba na Novemba, kule Iran na Kashmir. Kila ukoo una mkaidi wake.

Na kuna sehemu ambako machipuko yanaamuliwa na mvua. Namaqualand, Afrika Kusini, ni nusu jangwa. Mvua zinanyesha wakati wa baridi, na kati ya Agosti na Septemba vilima vinageuka rangi ya chungwa. Mvua ikikosa, mbegu zinabaki mchangani zinangoja mwaka mwingine.

Kuhusu kumbukumbu: Kyoto, kule kule Japani, kuna tarehe za kuchanua zinazorudi hadi mwaka 812, zimeokotwa kwenye shajara za makasri na mahekalu na mtafiti Yasuyuki Aono, zikihusu mcheri wa porini wa milimani. Mwaka 2021 kilele kilikuwa tarehe 26 Machi. Siku ya mapema zaidi kabla ya hapo ilikuwa 27 Machi, mwaka 1409. Kuwahi huko kuna hatari. Washington ina micheri iliyotoka Tokyo mwaka 1912. Machi 2017 ilihadaiwa na joto, matumba yakavimba, baridi ikarudi katikati ya mwezi, na karibu nusu ya maua ya Yoshino yakaungua. Ufaransa Aprili 2021 ilikuwa vibaya zaidi, kwa sababu kule yaliyoungua yalikuwa chakula cha watu: mizabibu, miaprikoti, mitufaa, baada ya Machi yenye joto. Wakulima walikesha wakiwasha moto kati ya mistari ya mizabibu.

Naona mikono. Mama, tafadhali.

Mama ameuliza: dada yake yuko Maskati, anamletea marashi ya mawaridi ya mlimani, mbona huja karibu msimu ule ule? Ni mawaridi ya Jabal Akhdar, mlima wa huko huko Omani, mama, karibu mita 2,000 juu. Joto la Maskati lisingeyapa baridi ya kutosha. Kule juu wanaipata, na huchuma kati ya mwisho wa Machi na mwanzo wa Mei, asubuhi na mapema kabla jua halijafukuza harufu. Waridi la ukoo huo huo Bulgaria huchumwa Mei na Juni.

Kijana wa nyuma? Tulipu Dar es Salaam. Inawezekana, ukinunua vitunguu vyake ukavipa baridi ya uongo: friji ya kawaida, wiki 12 hadi 16, ndani ya mfuko wa karatasi, si freza. Vitunguu hivyo visikae na matunda humo ndani, hasa matufaha, kwa sababu tunda linaloiva linatoa gesi ya ethilini na ua linafia tumboni mwa kitunguu, wewe hujui, unakuja kupata majani matupu. Ukishapanda weka kivulini. Kwa joto la Dar litakaa siku chache tu, na kitunguu kitakuwa kimechoka. Mwaka ujao nunua kingine.