Usiulize Nembo, Uliza Injini: Sedani za Kimarekani na Bili za Gereji

HAMIDA: Asalaam aleikum wasikilizaji, na habari za jioni popote mlipo. Mimi ni Hamida, nipo hapa Columbus, Ohio, na pembeni yangu yupo kaka Baraka. Shikamoo kaka.

BARAKA: Marahaba, mdogo wangu. Za kazi?

HAMIDA: Njema. Nimetoka zamu ya usiku, nimelala masaa manne, nikaamka, nikaongeza maji ya rejeta, nikaja. Kaka, leo nataka tuseme habari za sedani za Kimarekani, haya magari madogo yenye buti nyuma. Kila Mswahili anayefika huku anapewa wosia mmoja: tafuta Toyota. Na mimi nilipewa. Lakini nilipokwenda kununua na dola 5,000 zangu, Toyota niliyoimudu ilikuwa imeshatembea maili 210,000. Pembeni yake imesimama sedani ya Kimarekani, inang'aa, maili 84,000, bei ile ile.

BARAKA: Ukachukua inayong'aa.

HAMIDA: Nikachukua. Kampuni sitaitaja, maana hapa hatukuja kumshitaki mtu. Mwezi wa nne likaanza kutetemeka. Barabara kuu halina neno. Ngoja niingie kwenye foleni, niende mwendo wa mguu, linatetemeka kama mtu mwenye homa. Gereji ya kwanza wakabadilisha plagi. Ya pili wakabadilisha mauntini za injini. Ya tatu wakasema giaboksi, na bei waliyonitajia ilizidi bei niliyolinunulia gari. Nililia, kaka. Zile pesa nilikuwa nazikusanya niwatumie Tanga, bati za nyumba ya mama.

BARAKA: Pole sana. Na nikwambie kilichoniuma katika maelezo yako: gereji mbili za kwanza hawakupima. Walikisia, na wewe ukalipia makisio yao. Gari linalotetemeka kwenye foleni na kutulia barabara kuu limeshakueleza mahali pa kuanzia. Fundi alipaswa aendeshe nawe dakika 20 kabla hajashika spana.

HAMIDA: Kwa hiyo wosia ni wa kweli? Mmarekani hajui kutengeneza gari?

BARAKA: Nilikuja na imani hiyohiyo. Mimi ufundi nimejifunzia mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Tumefungua Corolla, tumefungua Mark II, gari la Mmarekani tulikuwa tunaliona kwenye picha tu. Nilipoanza kazi huku, gari la kwanza kunibadilisha mawazo lilikuwa Buick LeSabre ya mzee mmoja. Maili 240,000. Nikafungua kifuniko cha oili nikamulika tochi ndani, safi. Nikamuuliza mzee siri yake. Akasema anabadilisha oili, na anatazama maji. Basi.

HAMIDA: Injini gani hiyo?

BARAKA: Mafundi wanaiita 3800. V6, lita 3.8, bloku, yaani bodi ya injini, ya chuma cha kusubu. General Motors, GM kwa kifupi, waliifunga kwenye LeSabre, Park Avenue, Pontiac Bonneville, hata Chevrolet Impala za miaka ile. Uzalishaji wake uliisha 2008, na mpaka leo unazikuta barabarani hapa Ohio, bodi imeliwa na kutu na injini inavuta. Lakini usikie ugonjwa wake. Juu ya injini wakaweka manifoldi ya plastiki, njia ya kuingizia hewa, na moshi wa moto unaorudishwa kutoka ekzosi unapita palepale kwenye plastiki. Miaka inakwenda, plastiki inalainika, inapata ufa, maji ya rejeta yanaingia ndani ya injini. Kuna na viwiko viwili vya plastiki vya kupitishia maji, ukubwa wa kidole gumba. Spea ya dola chache. Kikikatika ukiwa barabara kuu na ukasema nitafika tu nyumbani, umeua injini iliyokuwa na uwezo wa kwenda maili 100,000 nyingine.

HAMIDA: Kumbe aliyesema gari bovu na aliyesema gari zuri wote wanasema kweli.

BARAKA: Wote. Mmoja alibadilisha kiwiko mapema, mwingine hakujua kama kipo. Ndiyo maana mteja akiniuliza Ford ni nzuri au mbaya, namrudishia swali: Ford ipi, mwaka gani, injini gani, giaboksi gani? Chukua Ford Focus ya 2012 mpaka 2016. Ukiikuta ya giaboksi ya otomatiki, ndani yake kuna kitu wanakiita PowerShift. Ile kwa umbo ni giaboksi ya manyuo yenye klachi mbili, ila kompyuta ndiyo inayokukanyagia klachi. Na klachi zenyewe ni kavu, haziogi kwenye oili. Walitaka kupunguza ulaji wa mafuta. Sasa wewe uko kwenye foleni, unasogea, unasimama, unasogea. Dereva wa manyuo angekanyaga klachi mpaka mwisho akapumzika. Kompyuta inashikiza nusunusu. Klachi inapata joto, inashika na kuachia, gari linatetemeka. Ongeza sili za shafti zilizokuwa zinavujisha oili, ikadondokea klachi ambayo kazi yake inataka ukavu.

HAMIDA: Na Ford walisemaje?

BARAKA: Wateja walikwenda mahakamani, Focus na Fiesta pamoja, kukawa na maridhiano ya kesi ya pamoja. Ford waliongeza muda wa dhamana ya kutengeneza bure: klachi na zile sili miaka 7 au maili 100,000, na kompyuta ya giaboksi miaka 10 au maili 150,000. Kwa hiyo anayenunua leo ajue muda huo kwa magari mengi umeshapita, gharama ni yake. Lakini sikiliza hapa, dada. Focus ileile, mwaka uleule, yenye giaboksi ya manyuo, haina ugonjwa huo. Na huku watu hawajui kuendesha manyuo, kwa hiyo linauzwa rahisi. Sisi tuliojifunzia leseni kwenye pikapu za Bongo tunapita na gari zuri ambalo mwenye nalo anatafuta pa kulitua.

HAMIDA: Hilo sikulijua. Na Fusion? Nusu ya maegesho ya kazini kwetu ni Fusion.

BARAKA: Habari ileile. Fusion yenye injini ya lita 2.5 isiyo na turbo ni gari la kazi. Haina mbio, haina mbwembwe, oili na maji, inakwenda. Ya haibridi, ya petroli na umeme, nayo imefanya teksi miji mingi. Lakini ya lita 1.5 yenye turbo, EcoBoost, za kuanzia 2014 mpaka 2019, hapo nakuomba uwe na subira. Juu ya bloku, kati ya silinda na silinda, wamechonga mfereji mwembamba wa kupitisha maji ya kupoza. Pale gasketi inabaki na nafasi ndogo sana ya kukalia. Ikishindwa, maji yanaingia kwenye silinda. Chini ya gari pakavu, na maji yanapungua. Asubuhi likiwashwa linatingishika, linatoa moshi mweupe, halafu linatulia, na mwenye gari anasema ni baridi. Dawa yake kwa kawaida ni kubadilisha injini. Hapo hakuna gasketi ya kukuokoa.

HAMIDA: Na nembo ya nyuma ni moja.

BARAKA: Nembo moja, viti vilevile, redio ileile.

HAMIDA: Msikilizaji mmoja ametuuliza habari za Chevrolet Cruze. Anasema ameikuta bei rahisi, na anaipenda kwa kuwa imetengenezwa hapahapa Ohio.

BARAKA: Kweli, Lordstown, mashariki ya jimbo, kiwanda kilifunga kazi Machi 2019. Nimewafanyia kazi watu wa kule, wanaizungumzia Cruze kama mtu anavyomzungumzia mtoto wa kijijini kwao, na nawaelewa. Basi kwa Cruze ya lita 1.4 yenye turbo, za mwanzo, kuna mambo mawili. Pampu ya maji ilivuja mpaka GM wakaiongezea dhamana. Na kwenye kifuniko cha juu cha injini kuna kiwambo cha mpira cha kupumulia. Kikichanika, injini inavuta hewa isiyopimwa, inakula oili, taa ya injini inawaka. Kupima hakutaki mashine. Washa gari, fungua boneti, tega sikio juu ya kifuniko. Ukisikia mluzi au sauti ya kufyonza, umejua. Kifuniko kizima kinapatikana kwa bei ambayo mtu wa mshahara wa kawaida anaimudu, na mwenye mikono yake anakifunga mwenyewe nje ya nyumba. Mwambie asiogope, ila apunguze bei.

HAMIDA: Tufike kwenye jambo ambalo mimi linanikosesha usingizi kuliko bili. Usalama.

BARAKA: Hapo tutaje Chevrolet Cobalt, na tuitaje kwa heshima ya waliokufa. Swichi ya ufunguo ilikuwa na springi dhaifu. Ufunguo ukiwa na mzigo wa funguo nyingi, au goti likiugusa, unarudi wenyewe. Injini inazima gari likiwa mwendoni, usukani unakuwa mzito, na mifuko ya hewa haifunguki. Mwaka 2014 GM waliita magari yapatayo milioni 2.6, ya Cobalt na ndugu zake, yarudi kurekebishwa. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124. Watu 124, dada, na chanzo ni springi unayoweza kuifunika kwa ncha ya kidole. Tena ndani ya kampuni tatizo lilijulikana miaka kabla.

HAMIDA: Innalillahi.

BARAKA: Kwa hiyo namuomba kila anayetusikiliza, kabla hujalala leo. Chini ya kioo cha mbele, upande wa dereva, pameandikwa namba ya gari yenye tarakimu na herufi 17. Nenda kwenye tovuti ya NHTSA, hiyo ni mamlaka ya serikali ya usalama barabarani, andika namba ile. Itakwambia kama gari lako limeitwa na bado halijatengenezwa. Matengenezo yale kwa kawaida wakala wa kampuni anayafanya bure, hata kama wewe ni mnunuzi wa nne. Ndugu zetu wengi wanapitwa kwa sababu barua ya kuliita gari inakwenda kwenye anwani ya zamani, au inakuja nyumbani kwa Kiingereza kirefu, mtu anadhani ni tangazo.

HAMIDA: Mimi nilitupa moja hivyohivyo. Niliitoa kwenye takataka baadaye, mwenzangu wa kazini ndiye aliyenisomea.

BARAKA: Namshukuru huyo mwenzako.

HAMIDA: Sasa anayekwenda kununua Jumamosi hii afanyeje?

BARAKA: Ampigie muuzaji, amwambie usiwashe gari kabla sijafika. Akifika aweke kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, aulize kwa nini. Injini baridi haifichi kitu: cheni ya taimingi iliyolegea italia pale, moshi utaonekana pale. Halafu ainame chini. Chumvi inayomwagwa barabarani hapa Ohio wakati wa theluji inakula mabomba ya breki na ya mafuta, na muuzaji anapaka rangi nyeusi juu yake. Aguse kwa bisibisi.

HAMIDA: Na kile kipimo cha kusoma kompyuta ya gari, cha kuchomeka chini ya usukani?

BARAKA: Gari lolote lililouzwa Marekani kuanzia 1996 lina soketi ile, na kipimo cha dola 20 kinatosha. Lakini wajanja wanafuta kompyuta asubuhi ili taa ya injini isiwake ukija. Kipimo kitaonyesha kwamba gari halijamaliza kujikagua. Ukiona hivyo, na muuzaji anakwambia betri ilikuwa mbovu kaibadilisha jana, mwambie utarudi baada ya wiki gari likiwa limetembea. Mwenye gari zima atakubali.

HAMIDA: Spea zitapatikana? Maana nasikia sedani zenyewe wameacha kuzitengeneza.

BARAKA: Nyingi wameacha kweli. Ford walitangaza 2018, Fusion ya mwisho ikatoka 2020. Malibu nayo imekwisha Novemba 2024. Lakini yalitengenezwa mamilioni, na viwanja vya magari yaliyokufa vimejaa. Unaingia na spana zako, unafungua mwenyewe unachotaka, unalipa getini. Mlango mzima wa Fusion, rangi yako, kwa pesa ambayo kwa gari la Kijerumani hununui hata taa. Kwa spea, sedani ya Kimarekani ni rafiki wa mtu wa kipato chetu. Ila, dada, kuna neno ulilisema mwanzo nimekuwa nikilisubiri litoke kichwani na limekataa.

HAMIDA: Neno gani?

BARAKA: Umesema umeamka ukaongeza maji ya rejeta. Mara ya mwisho uliongeza lini?

HAMIDA: Wiki iliyopita. Na wiki mbili kabla ya hapo. Kidogo tu, kaka, kama chupa ndogo.

BARAKA: Mfumo ule umefungwa, hautakiwi kuomba chupa hata ndogo. Unaweka maji matupu?

HAMIDA: Ya bomba.

BARAKA: Na baridi inaanza. Maji matupu yakiganda yanapasua bloku. Sasa fanya hivi. Ukifika nyumbani, tandika boksi lililofunguliwa chini ya injini, liache mpaka asubuhi. Kesho zamu yako saa ngapi?

HAMIDA: Saa moja usiku.

BARAKA: Usiliwashe. Nitakuja saa tatu asubuhi na pampu ya kupimia presha, tuujaze mfumo upepo injini ikiwa baridi, tuone unatokea wapi. Boksi unalo?

HAMIDA: Lipo la televisheni, nyuma ya mlango.

BARAKA: Linatosha. Upande usio na maandishi uuelekeze juu, tone lionekane.