Kuatamia Mwachie Kuku, Mengine ni Yako

Mhadhara kwa wafugaji wa kuku wa kienyeji

Ndugu wafugaji, habari za asubuhi.

Wahenga walisema kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui, na akiangua halei, na akilea huchukuliwa na mwewe. Leo tuusome usemi huo kama daftari la hasara. Kila hatua iliyotajwa ina sababu zake, na sababu hizo zinajulikana. Ukizipitia moja moja utagundua kwamba zile siku 21 ambazo kuku yuko juu ya mayai ndizo zenye hasara ndogo. Hasara kubwa hutokea kabla hajalalia, na tena baada ya kuinuka na watoto. Huko ndiko mfugaji anakohitajika. Hapo katikati, kadiri unavyomwacha peke yake ndivyo anavyokufaa zaidi.

Kwanza, kuku yupi? Kuku wetu wa asili, wawe hawa wa Singida mnaowaona wakipakiwa kwenye matenga kwenda Dar es Salaam, wawe ching'wekwe wa Morogoro au kuchi, hutaga mayai kati ya 10 na 15 kwa mkupuo kisha huatamia. Chotara kama Kuroiler na Sasso walizalishwa kwa ajili ya mayai na nyama, hamu ya kuatamia imeshachujwa. Anayemsubiri Kuroiler alalie atasubiri sana. Unaweza kumwekea kuku wa kienyeji mayai ya chotara, wengi wanafanya hivyo, ila usitegemee vifaranga wafanane na chotara aliyeyataga: mmoja atakua haraka, mwingine atadumaa, rangi kila aina.

Kujua kama kuku ameiva kwa kuatamia, usimtazame mchana. Mchana kuku anayetaga naye hukaa kiotani muda mrefu. Nenda usiku na tochi. Ukimkuta kiotani badala ya kwenye kichanja, na kesho yake usiku umkute tena, penyeza mkono chini yake. Akivimba, akafumua manyoya, akadonoa lakini asiinuke, huyo yuko tayari. Utagusa pia ngozi ya tumbo: manyoya yamepungua, ngozi iko wazi na ina moto. Ngozi hiyo ndiyo inayoligusa yai moja kwa moja na kulipa joto la nyuzi 37 na nusu hadi 38 linalohitaji.

Sasa mayai, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo panapoharibika pengi bila mtu kujua.

Yai la trei kutoka dukani, la kuku wa mayai wa biashara, usiliweke. Kuku wale kwa kawaida hawana jogoo. Bandani kwako jogoo mmoja anatosha mitetea 8 hadi 10. Ukimwondoa jogoo leo, mitetea wataendelea kutaga mayai yenye mbegu kwa siku 10 hivi au zaidi. Kwa hiyo ukibadilisha jogoo ili kuondoa undugu kwenye kundi, subiri wiki 3 kabla hujakusanya mayai ya kuangulisha, usije ukaangua watoto wa jogoo wa zamani.

Baada ya kutagwa, mbegu iliyomo ndani ya yai husimama kukua joto likiwa chini ya nyuzi 20 hivi. Sasa fikirieni chumba cha Tanga au Dar es Salaam mwezi wa pili, joto nyuzi 30 mchana kutwa. Mbegu hapo hailali, na pia haipati joto la kutosha ili ikue sawasawa. Huanza, hudhoofika, na ukishaliweka yai chini ya kuku hufa siku ya pili au ya tatu. Siku ya 7 ukipima kwa tochi unaona duara jekundu la damu, halafu jogoo analaumiwa bure. Pwani na sehemu nyingine za joto, yai lisizidi siku 5 kabla ya kuwekwa. Kwenye baridi, Njombe au Lushoto, siku 7 ni salama, na 10 ndiyo mwisho. Yahifadhi sakafuni kwenye chumba chenye kivuli, ncha nyembamba ikitazama chini. Jokofu ni baridi mno, usiyaweke humo.

Kila jioni ondoa mayai ya siku hiyo, andika tarehe kwa penseli, na bakiza kiotani yai moja la bandia, hata la kuchonga kwa mti, ili kuku asihame kiota. Yai chafu kidogo lifute kwa kitambaa kikavu. Ukiliosha unaondoa utando unaoziba vitundu vya ganda, na vijidudu vinaingia. Lililochafuka sana, lenye ufa, la duara kabisa au refu kupita kiasi, lipeleke jikoni.

Idadi. Kuku wa kilo moja na nusu apewe mayai 10 hadi 12. Mkubwa zaidi 13, au 14. Watu humwekea 18 wakisema hata yakiharibika 6 bado 12 yatapona. Hesabu hiyo haiendi hivyo. Kuku hugeuza mayai na kuyahamisha mara nyingi kwa siku: la pembeni linaingia katikati, la katikati linatoka. Mayai yakiwa mengi kuliko mwili wake, yale yasiyofunikwa leo si yale ya kesho, na kila yai linapata zamu yake ya baridi. Ndiyo maana mtu anaweka 18 na kuambulia vifaranga 7, wakati jirani yake kaweka 11 na kupata 9.

Kiota kiwe sentimita 35 kwa 35, kuta zenye kimo cha 30, na mbele kizingiti cha 10 hivi kuzuia mayai kubingirika. Chini weka udongo mkavu unene wa sentimita 5, ubonyeze katikati uwe na kishimo kifupi cha mviringo, juu yake nyasi kavu laini. Kishimo kikiwa kirefu mayai hupandana na kuvunjika, na pakiwa bapa hutawanyika. Changanya udongo na majivu na majani makavu ya tumbaku yaliyopondwa, kwa sababu ya utitiri. Mdudu huyu hujificha kwenye nyufa mchana na kunyonya damu usiku, na kuku akishambuliwa hukimbia mayai hata siku ya 19. Mkague kuku chini ya mbawa na karibu na haja kubwa kabla hujamlaza. Akiwa na chawa au viroboto, mtibu kwanza kwa dawa ya unga, umwache siku mbili tatu, ndipo umpe mayai.

Kiota kiwe mbali na wanaotaga. Pasipowezekana, chora mstari kuzunguka kila yai uliloweka, na kila siku anapotoka kula ondoa lisilo na mstari. Yai lililoongezwa siku ya 5 haliwezi kuanguliwa. Kuku ataondoka na watoto wa kwanza, na hilo litapoa likiwa na kifaranga hai ndani.

Ukiwa na kuku watatu au wanne, usiwalaze kila mmoja kwa siku yake. Wa kwanza kuiva mpe mayai ya bandia na umsubirishe kwa wiki moja, isizidi siku 10. Wengine wakishaiva, waweke wote mayai halisi usiku mmoja. Wataangua pamoja. Hapo chukua vifaranga wa kuku watatu, wape wawili, kila mmoja 15 hadi 20, kwa kuwapenyeza chini ya mbawa usiku. Huyo wa tatu mrudishe kwa jogoo na umlishe vizuri. Faida nyingine ni kwamba chanjo ya kundi lenye umri mmoja inatolewa mara moja.

Wakati wa kuatamia nina machache ya kusema. Chakula kiwe punje nzima za mahindi au mtama, si pumba, kwa sababu punje hukaa tumboni na kinyesi chake hakichafui kiota. Maji yawe karibu. Atatoka mara moja kwa siku, dakika 15 hadi 20, ataacha kinyesi kikubwa chenye harufu kali, atakula, ataoga vumbi na kurudi. Asipotoka siku mbili mfululizo mnyanyue, lakini kwanza angalia chini ya mbawa, maana yai hubanwa humo na kuanguka.

Usiku wa 7 pima mayai. Tochi ya simu na kipande cha boksi chenye tundu la ukubwa wa shilingi vinatosha. Weka upande mnene juu ya tundu. Yai lenye uhai lina doa jeusi na mishipa myembamba iliyotawanyika kama mizizi ya mchicha. Yai jeupe tupu halikuwa na mbegu. Duara la damu ni mbegu iliyokufa. Ondoa hayo mawili, la sivyo viza hupasuka na kuchafua mazima. Kuanzia siku ya 18 usiguse kitu. Kifaranga anajigeuza ndani, mdomo ukitafuta chumba cha hewa kilichoko upande mnene.

Siku ya 20 utaona ufa wa kwanza, na kutoka hapo hadi kifaranga atoke huchukua saa 12 hadi 24. Msimvunjie ganda! Katika saa hizo damu inarudi mwilini kutoka kwenye utando, na kiini kilichobaki kinaingizwa tumboni kupitia kitovu. Ukimtoa mapema anavuja damu, na kitovu kinabaki wazi. Kiini hicho kinamtosha siku 2 bila kula, ndiyo maana mama hana haraka ya kuinuka. Mayai yaliyobaki siku ya 23 yavunje mbali na banda uyasome: yote meupe, shida ni jogoo; waliokufa wadogo, mayai yalizeeka au yalikaa joto; waliokamilika wakafia ndani, mara nyingi mama alikuwa akiondoka muda mrefu siku za mwisho, kwa hiyo kaangalie utitiri.

Tuje kwenye kulea. Nyumba nyingi kuku hutoka na vifaranga 10 na baada ya miezi miwili wamebaki 3. Kumwachia mama azunguke nao uwanjani tangu siku ya pili ndiko kunakowamaliza: umande, mwewe, kunguru, paka, kicheche. Kwa wiki 3 hadi 4 za kwanza wakae ndani, au chini ya tenga kubwa kwenye kivuli, na watolewe umande ukishakauka.

Wape chakula cha vifaranga chenye protini asilimia 18 hadi 20. Ukichanganya mwenyewe, chenga za mahindi na pumba ziongezewe dagaa waliosagwa, mashudu ya alizeti, na soya iliyokaangwa. Soya mbichi huzuia mmeng'enyo wa protini. Usiwape chakula cha kuku wanaotaga: chokaa yake ni nyingi, inaharibu figo za kifaranga. Mama naye hula kwa pupa, kwa hiyo weka chakula cha watoto ndani ya kizimba chenye fito zilizoachana sentimita 5 au 6, wao wapite, yeye asipite. Chombo cha maji kiwe kifupi, chenye kokoto ndani, wasizame.

Kideri, au mdondo, ndio ugonjwa unaofagia banda zima. Mama akiwa amechanjwa kabla ya kutaga, huwapitishia watoto kinga kwenye kiini, lakini hupungua baada ya wiki chache. Chanjo yake iitwayo I-2 ni tone moja kwenye jicho moja, na hurudiwa kila baada ya miezi 3 kwa kundi zima. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, ila haivumilii jua. Ndui huenezwa na mbu, na chanjo yake huchomwa kwenye ngozi ya bawa, kwa hiyo ipange kabla ya mvua. Mkiona kuhara damu kati ya wiki ya 3 na ya 6, angalieni maranda ya sakafuni: yameloa. Dawa ya amproliamu kwenye maji inasaidia, lakini msipokausha sakafu itarudi.

Wiki ya 4, au ya 6 kwenye baridi, mtenganishe mama na watoto, wasionane wala kusikiana. Wengi huona huo ni ukatili. Lakini kuku anayeachiwa watoto miezi 3 hutaga mikupuo 3 tu hivi kwa mwaka, na aliyetenganishwa mapema hurudi kutaga baada ya wiki chache. Vifaranga wape chumba kikavu kisicho na upepo, na usiku joto la ziada. Jiko la mkaa lisiwekwe kwenye chumba kilichofungwa, gesi yake inaua vifaranga na watu.

Nimeletewa maswali mawili kwa karatasi.

La kwanza: nikitaka kuku aache kuatamia, nimpitishie unyoya puani? Hapana. Wala usimtumbukize kwenye maji. Mweke kwenye kizimba chenye sakafu ya waya au fito, kilichoinuliwa, bila nyasi, na chakula na maji vikiwemo. Hewa ikipita chini ya tumbo lake, siku 3 au 4 zinatosha.

La pili: anaweza kuatamia mayai ya kanga au bata? Anaweza, na hufanya vizuri. Kanga ni siku 26 hadi 28. Bata wetu wa kawaida wenye uso mwekundu ni 33 hadi 35, kwa hiyo chagua kuku mtulivu asiyechoka haraka, umpe mayai 7 au 8 na umlishe zaidi. Wakishaanguliwa wazuie bwawani wiki za mwanzo. Kifaranga wa bata aliyelelewa na kuku anaweza kuloa hadi ngozini na kufa kwa baridi.