Halua Juu ya Injini

RUKIA: Asalaam alaykum, wapenzi wetu. Kaka Seif yuko Dar, gerejini kwake, hizo nyundo mtazisikia tu. Mie niko Maskati. Leo tulipanga mambo matatu ya kumwambia anayetafuta gari la safari ndefu, lakini kabla ya hayo nina msiba wa halua.

SEIF: Pole, dada. Halua imefanya nini tena?

RUKIA: Alhamisi tulikwenda Dubai kumwona shangazi, mie na shemeji. Kilomita 450 hivi. Gari ni la shemeji, jina lake silitaji: viti viwili, injini nyuma ya mgongo wako. Tukasimama Barka, maana huwezi kupita Barka ukenda mkono mtupu kwa mtu mzima. Tukachukua kilo mbili za halua ya zafarani, lozi zimepangwa juu.

SEIF: Ukaiweka wapi?

RUKIA: Buti la mbele lilishajaa mabegi. Nikaiweka nyuma, juu ya injini, chini ya kioo.

SEIF: Rukia!

RUKIA: Ngoja. Hatta, mpakani pa kuingilia Imarati, nikafungua nitoe mtandio. Naligusa bakuli, la moto kama kikombe cha chai. Nainua kifuniko, samli imepanda juu yote, inang'aa. Halua yenyewe, ambayo asubuhi ukiibonyeza kwa kijiko inarudi, imelegea, na zile lozi zimehamia upande mmoja. Shangazi kaitazama, kanambia, "Hii imepikwa mara mbili."

SEIF: Basi swali la leo, kama gari lenye injini nyuma ya viti laweza kuwa gari la safari ndefu, limeshajibiwa. Gari la injini katikati kama hilo haliwi Gran Turismo.

RUKIA: Halijajibiwa hata kidogo! Mie nilifika mzima. Kutoka Sohar nililala, Seif. Nililala ndani ya gari ambalo wewe unasema ni la mashindano. Mgongo haukuuma, masikio hayakuvuma.

SEIF: Wewe ulifika. Mzigo haukufika. Gran Turismo kwa Waitaliano ni gari la kumtoa mtu na mwenzake na mabegi yao mji huu hadi nchi ya jirani, kwa kasi, na wote wafike katika hali ile ile waliyoondokea. Mzigo umo ndani ya hesabu. Haujawahi kuwa nyongeza.

RUKIA: Sasa kosa la mahali pa kuweka bakuli unalifanya kosa la injini.

SEIF: Ni la injini, kwa sababu injini ndiyo iliyochukua mahali pa bakuli. Tena siyo joto tu. Mtazame mtu wa mzega, ndoo moja mbele, moja nyuma. Kugeuka anageuka polepole, lakini akishaishika njia hatikisiki. Sasa mwambie akumbatie ndoo zote mbili kifuani. Atageuka kama pia ya kuchezea. Gari la injini katikati ndiyo huyo wa kifuani, uzito wote umekusanyika kati. Kwenye kona ni raha tupu. Kwenye kilomita 450 zilizonyooka mie namtaka mwenye mzega.

RUKIA: Mfano mzuri, naukubali. Ila nyuma ya usukani sikuliona hilo. Niliendesha mie kutoka Maskati mpaka Sohar, upepo wa ubavuni upo, gari limetulia.

SEIF: Enzo Ferrari mwenyewe, mwasisi wa magari ya Ferrari, alikuwa akisema ng'ombe huvuta mkokoteni, hausukumi.

RUKIA: Na mwaka 1961 Phil Hill akawa bingwa wa dunia wa mbio za Formula One kwa Ferrari yenye injini nyuma ya dereva. Ng'ombe akasukuma!

SEIF: Kwenye mashindano, ndiyo. Barabarani je? Mwaka 1973 Ferrari wakaanza kuuza Boxer, silinda 12 nyuma ya viti, ikaja Testarossa, wakaenda hivyo zaidi ya miaka 20. Mwaka 1996 wakatoa 550 Maranello. Injini iko wapi? Mbele.

RUKIA: Hapo kwenye Testarossa usipapite mbio. Boxer ilikuwa na rejeta mbele na injini nyuma, kwa hiyo maji ya moto yanapita kwenye mabomba chini ya abiria. Unakaa juu ya jiko. Mwaka 1984 kwenye Testarossa wakazihamishia rejeta ubavuni, ndiyo maana ya zile mbavu zake za milangoni. Joto likapungua, na mbele kukapatikana nafasi ya mabegi. Yaani tatizo lina dawa.

SEIF: Umenisaidia, dada. Dawa waliipata, joto wakalipunguza, nafasi ikapatikana, na bado wakarudi mbele.

RUKIA: Wamerudi wao. Maserati Bora ya 1971 je? V8, injini katikati, wakaifunika kwa kifuniko kilichotandikwa zulia, kati yake na abiria kioo cha tabaka mbili, na buti la mbele la maana. Aliyeichora alikuwa anamfikiria msafiri. Na McLaren GT ya 2019: lita 420 nyuma, 150 mbele, jumla 570. Bentley Continental GT ya kizazi cha tatu, ambayo hakuna anayebisha kuwa ni Gran Turismo, buti lake lita 358.

SEIF: Lita siyo umbo. Hizo 420 zimelala juu ya injini, ndefu na za kina kifupi. Utaweka mfuko wa gofu, utaweka nguo. Sanduku la shangazi la bati utalisimamisha wapi?

RUKIA: Shangazi hana sanduku la bati.

SEIF: Ana halua.

RUKIA: Haya, turudi kwenye halua, maana hujaniuliza ilikuwa kwenye bakuli gani. La plastiki.

SEIF: Plastiki! Sasa mbona hukusema toka mwanzo? Pemba halua inafungwa kwenye kikapu cha ukindu. Marehemu bibi alikuwa akituletea toka Wete, inapanda meli, inashuka, inakaa juani Malindi ya Unguja pale forodhani, inapanda tena mpaka Dar. Unafungua, iko vile vile. Ukindu unapumua, na samli ikitoka kidogo kikapu kinainywa.

RUKIA: Kinainywa, halafu kinainywesha zulia la gari.

SEIF: Unatandika gazeti.

RUKIA: Hapana, kaka. Halua ya huku ni laini kuliko ya Pemba, ina samli nyingi. Ukindu hauiwezi. Zamani waliiweka kwenye vyombo vya udongo, na udongo ndiyo jawabu: mzito, hauhamishi joto upesi.

SEIF: Udongo unapasuka kwenye tuta la kwanza.

RUKIA: Kwenye gari lenye shokapu nzuri haupasuki.

SEIF: Basi unaniambia Gran Turismo ni gari ambalo chungu hakipasuki wala halua haiyeyuki. Hiyo nimeikubali, na gari la shemeji limefeli.

RUKIA: Nakwambia Gran Turismo ni gari ambalo mtu wa makamo analala kutoka Sohar mpaka mpakani. Limefaulu.

SEIF: Sikubali. Mtu anaweza kulala hata kwenye daladala akichoka.

RUKIA: Sikuwa nimechoka, Seif. Hilo ndilo ninalokwambia. Nililala kwa raha.

SEIF: Nimekusikia. Lakini mie gari linapoingia hapa, kabla ya boneti nafungua buti, kwa sababu buti linanionyesha mtengenezaji alimfikiria nani. Kwenye hilo alimfikiria dereva peke yake.

RUKIA: Alimfikiria dereva na aliyekaa pembeni yake. Wale ndio wasafiri.

SEIF: Na aliyengojwa Dubai? Shangazi?

RUKIA: ...Shangazi aliila, lakini. Kwa kahawa. Sahani ya pili pia.

SEIF: Hilo hukulisema.

RUKIA: Hukuniuliza. Hebu nisikilize, huku adhana ya Magharibi inaingia, kwenu bado. Yale mambo matatu hatujagusa hata moja.

SEIF: La kwanza lilikuwa matairi.

RUKIA: La matairi liacheni mpaka wiki ijayo, na la bima. La tatu hata silikumbuki, nimeliandika nyuma ya risiti ya halua na risiti iko kwa shemeji.

SEIF: Mwambie shemeji safari ijayo anipitishie hilo gari hapa, nilione buti kwa macho yangu.

RUKIA: Kutoka Maskati mpaka Dar?

SEIF: Kwa meli, kama halua ya bibi.

RUKIA: Adhana hiyo. Asalaam alaykum.