Kwenda Namugongo Bila Habari

Waheshimiwa mapadre na watawa, walimu wenzangu, wazazi, na vijana mliojaa nyuma ya ukumbi, nawashukuru kwa mwaliko huu. Nimeombwa nieleze safari ya miguu ambayo mimi na wenzangu 13 tuliifanya mwaka jana kutoka Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, hadi Namugongo, karibu na Kampala, mwendo wa takriban kilomita 190, ili tuwahi sikukuu ya Mashahidi wa Uganda tarehe 3 Juni. Tulikwenda bila simu, bila kamera, bila redio, bila saa ya betri. Wengi wenu mmekwisha kuifanya hija hiyo, wengine zaidi ya mara moja, kwa hiyo sitasimulia malengelenge ya miguu wala wali uliopikwa usiku wa manane kwenye ua wa parokia. Nitashika jambo moja tu, nalo ni habari.

Watu hudhani tuliziacha simu ili tupumzike na kelele zake. Mapumziko ningeyapata nyumbani kwa kuizima tu. Tulitaka kujua hujaji alikuwa mtu wa namna gani zamani, alipoaga watu wake na kutoka, asijue tena huko nyuma kumetokea nini wala mbele kunamngoja nini, hadi atakapokutana na binadamu wa kumweleza.

Njia ya kutoka kwetu magharibi mwa Kenya ndiyo hasa inayolidai swali hilo. Mwaka 1885 Askofu James Hannington wa Kanisa la Anglikana alitoka Rabai, karibu na Mombasa, akapita nchi ya Wamaasai hadi kwa Sundu, mahali ambapo leo tunapaita Mumias. Hapo aliacha sehemu kubwa ya msafara wake chini ya uangalizi wa Padre William Jones, Mwafrika aliyewahi kukombolewa kutoka utumwani, na mwezi Oktoba akaendelea kuelekea Buganda pamoja na wapagazi 50. Huko alikokuwa akienda, katika baraza la Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, kulikuwa na hofu ya siku nyingi kwamba watakaoitwaa nchi wataingia kwa upande wa mashariki. Wamisionari waliokuwa Buganda waliijua hofu hiyo, lakini hawakuweza kumfikishia onyo kwa wakati. Alikamatwa Busoga, kwa chifu Luba, akafungwa siku nane, na tarehe 29 Oktoba akauawa pamoja na wapagazi wake, isipokuwa wachache walioponyoka. Shajara yake ilisalimika. Siku ile ya mwisho aliandika kwamba hapati habari yoyote, ila Zaburi ya 30 imemtegemeza kwa nguvu kubwa.

Nimefundisha historia kwa miaka mingi, na tukio hilo nilikuwa nalisoma kama kisa cha siasa ya Buganda. Sikuwahi kusimama kwenye maneno yale ya kutopata habari. Wala sikuwahi kumfikiria Padre Jones, aliyebaki Mumias akihesabu siku, akiwalisha wapagazi, asijue kwamba anamngoja mtu aliyekwisha kufa, hadi wale wachache walioponyoka walipomfikia. Kwangu mimi, Jones ndiye mtu wa safari hii ambaye hatumkumbuki vya kutosha.

Kifo hicho kilizaa vifo vingine. Joseph Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki aliyekuwa mkubwa wa watumishi katika jumba la Kabaka, alimkemea bwana wake kwa mauaji ya askofu, naye akauawa tarehe 15 Novemba mwaka uleule. Ndiye wa kwanza katika mashahidi 22 Wakatoliki. Pamoja nao tunawakumbuka Waanglikana 23. Miezi michache baadaye, tarehe 3 Juni 1886, Charles Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo. Kwa hiyo anayetoka Masaka au Fort Portal anafika Namugongo kwa imani ileile, lakini sisi tunaotoka upande huu tunayakanyaga mambo kwa mpangilio wake: kwanza Busoga ya Hannington, halafu Buganda ya Balikuddembe na Lwanga.

Sasa nije kwenye safari yenyewe. Simu zetu tuliziacha Busia kwa katekista, zikiwa zimezimwa na kufungwa ndani ya mfuko mmoja. Kila mtu alibeba karatasi iliyofungwa kwa nailoni, yenye namba za simu za watu wake na majina ya parokia tulizokusudia kulala. Tulibishana sana juu ya tochi. Mmoja wetu alisema tochi nayo ni kifaa, na mahujaji wa zamani walitembea kwa mbalamwezi. Nilimpinga, na hata leo ningempinga, kwa sababu mahujaji wa zamani hawakupishana na malori ya mafuta kwenye barabara kuu ya Kampala. Tulichukua tochi mbili.

Siku mbili za kwanza mkono ulikuwa ukienda mfukoni wenyewe. Siku ya tatu uliacha. Lililonishangaza zaidi ni jinsi tulivyoanza kuijua saa kwa kusikiliza. Karibu na Iganga, ambako Waislamu ni wengi, adhana ya alfajiri ndiyo iliyotuamsha, na tukaianza rozari yetu sauti ya mwadhini ikiwa bado hewani. Ilinikumbusha kwamba Namugongo iliwahi kumwagika damu ya Waislamu pia, waliouawa kwa ajili ya dini yao wakati wa Kabaka Mutesa, miaka kumi hivi kabla ya mashahidi wetu. Jambo hilo linafaa kutajwa zaidi katika mahubiri yetu kuliko linavyotajwa.

Mtaniuliza: barabara kuu ni moja, mtu atapoteaje? Ni kweli, lakini sisi tulipenda kupita vijia vya ndani kila tulipoweza, ili tuwaepuke madereva, na huko hakuna kinachokuongoza ila mdomo wako. Kumuuliza mtu njia ni kazi ndefu. Kwanza unasalimu, unaulizwa mtokako na muendako, unaulizwa kama mmekula, halafu ndipo unaonyeshwa mwembe wa kukata kushoto. Karibu na Busia Kiswahili kilitutosha. Kadiri tulivyoingia ndani kilipungua, na huko Buganda tulikuta wazee waliokunja uso waliposikia Kiswahili, kwa sababu kwa miaka mingi walikisikia vinywani mwa askari wenye bunduki. Sikuwalaumu. Tulijifunza salamu za kwao. Mganda akimwona mtu aliyetoka safarini humwambia “Kulikayo,” naye hujibu “Awo.” Kwa maneno hayo mawili tulifunguliwa milango mingi kuliko kwa yote niliyokuwa nimejiandaa kuyaeleza.

Hapo ndipo nilipoisikia upya salamu yetu wenyewe. Sisi Waswahili wa lugha, tukikutana, tunaulizana habari: za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za huko mtokako. Ni swali, na zamani lilikuwa swali la kweli, kwa sababu anayeuliza alikuwa hajui. Leo ninamuuliza ndugu yangu habari za nyumbani huku nimekwisha kuziona picha za watoto wake asubuhi ileile, naye ananijibu “nzuri” huku ameinamia kioo. Njiani swali lilirudi kuwa swali. Huko Najjembe, pembeni mwa msitu wa Mabira, mama mmoja aliyekuwa akituuzia gonja, yaani ndizi, za kuchoma alitaka kujua bei ya mahindi Busia na kama mvua imenyesha kwetu. Alisikiliza jibu lote. Kisha akatuambia ni wapi mbele yetu kuna kisima na ni wapi tusilale.

Na kuna mzee mmoja, kabla hatujafika Jinja, aliyetuomba tumpelekee salamu dada yake anayekaa Lugazi, jirani na kanisa. Hakuwa na namba ya dada huyo. Alitupa jina, na jina la marehemu mume wake, na akatuambia tumwambie kwamba ng’ombe amezaa. Tuliibeba habari hiyo ya ng’ombe siku tatu, tukavuka nayo Mto Nile na msitu mzima, tukiikumbushana kila jioni ili isipotee. Tulipompata yule mama alikaa chini, akaanza kutuuliza: ndama ni dume au jike? Hatukujua. Alisikitika kidogo, halafu akacheka, akatupa chai. Sijapata kubeba ujumbe wowote kwa uangalifu kama ule.

Sitaki mtu atoke hapa akidhani ninawahimiza wote. Mama aliyemwacha mtoto mchanga nyumbani asiende hivi. Mwenye kisukari asikiache kipimo chake cha damu, na anayekiacha kwa jina la ibada anafanya kosa. Anayetembea peke yake, hasa mwanamke, abebe simu. Sisi tulikuwa 14, tuliwaarifu mapadre wa kila tutakapolala, na hata hivyo Namugongo kwenyewe tulimpoteza mwenzetu mmoja katika umati ule mkubwa. Bahati nzuri tulikuwa tumeagana mapema kwamba anayepotea aende langoni pa kanisa la Waanglikana, mahali walipochomewa wengi wa mashahidi, akae hapo. Tulimkuta jioni ameketi, amepata marafiki.

Juu ya sikukuu yenyewe nitasema machache. Basilika ya Wakatoliki imejengwa kwa umbo la nyumba ya jadi ya Waganda, ikiwa na nguzo 22 za shaba, mahali alipochomewa Lwanga, na Misa husomwa nje, kando ya ziwa. Wakati wa mageuzo simu nyingi ziliinuliwa juu. Siwahukumu walioziinua, kwa kuwa nyumbani kwao kulikuwa na wagonjwa waliotamani kuona. Sisi hatukuwa na la kuinua. Tulikuwa na karatasi zetu, ambazo kwa upande wa nyuma zilikuwa na majina ya watu waliotuomba tuwaombee, na majina mengine mengi yaliyoongezwa njiani kwa kalamu ya risasi. Tuliyasoma yote, moja moja, hadi tukamaliza.

Nimeacha jambo moja hadi sasa, na ninalieleza kwa sababu bila hilo ningekuwa nimewapa nusu ya safari. Siku ya tano ya mwendo wetu, mjomba wangu alifariki. Alikuwa mgonjwa nilipoondoka, lakini si kwa kiasi cha kunizuia. Ndugu walipiga simu ambayo ilikuwa imezimwa ndani ya mfuko Busia. Walijaribu parokia moja, lakini tulikuwa tumekwisha kuipita. Wakazika. Niliporudi, katekista alinipa simu, nikaiwasha palepale mlangoni kwake, na ujumbe ukaanza kuingia mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio: amezidiwa, uko wapi, amepumzika, tunakungoja, tumemzika.

Wapo jamaa waliokasirika, na nilikubali hasira yao, kwa sababu mpwa ana nafasi yake kaburini kwa mjomba, nayo ilikaa wazi. Nilikwenda kumwona mkaza mjomba jioni ileile, hata kabla sijaoga vumbi la njia. Hakunilaumu. Aliniuliza neno moja tu: “Mwanangu, huko ulikokwenda, ulimtaja?”

Nilimwambia kwamba jina lake lilikuwa la tatu kwenye karatasi yangu, na kwamba siku zote zile, hata baada ya kuzikwa kwake, nilikuwa nikimwombea apone. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniomba ile karatasi. Nikaitoa kwenye nailoni, nikampa.