Kutoa na kufufua nguzo ya usukani ya Chevrolet Camaro ya 1969

Habari zenu mafundi, karibuni tena gereji. Leo tuna Chevrolet Camaro ya 1969. Tunatoa nguzo nzima ya usukani, tunaisafisha, tunabadilisha kilichochakaa, kisha tunairudisha. Gari ni la Marekani, usukani uko kushoto na bolti zake ni za inchi, kwa hiyo spana zako za milimita ziache kwenye boksi. Na kama gari lako lina eabegi, yaani mfuko wa hewa unaofura wakati wa ajali, usifuate video hii, maana utaratibu wake ni mwingine kabisa na ukikosea inaweza kukulipukia usoni.

Kabla ya kushika spana, ujue unashika nini. Kuanzia modeli za 1967, General Motors ilifunga nguzo zinazojikunja gari linapogonga, ili zisimchome dereva kifuani. Shafti ya ndani ni vipande viwili, kimoja kimeingia ndani ya kingine, vikashikanishwa kwa pini za plastiki iliyomiminwa humo humo. Bomba la nje la 1967 na 1968 lilikatwa matundu kama wavu. Hili la 1969 ni mabomba mawili yaliyochomekana, katikati yake pana gololi za chuma zinazokwaruza kuta na kumeza nguvu ya ajali. Sasa ile plastiki haijui kama hii ni ajali au ni nyundo yako. Kwa hiyo kwenye kazi hii nyundo haitumiki. Usigonge ncha ya shafti, usiiangushe nguzo, usiiegemee ikiwa bado inaning'inia.

Haya, tuanze. Toa terminali hasi ya betri. Nyoosha matairi ya mbele. Toa kifuniko cha honi: kutegemea aina ya usukani, kingine unakivuta tu kwa mkono, kingine kimeshikwa na skrubu kutoka nyuma. Legeza nati ya katikati, lakini usiitoe yote bado. Piga alama kwenye shafti na kwenye usukani, zitazamane. Funga pula, yaani kifaa cha kuvutia usukani, kwenye matundu mawili yenye nyuzi yaliyo katikati ya usukani, kisha kaza taratibu mpaka usukani uachie, ndipo umalizie kutoa nati. Bolti za pula zisizame sana, zitavunja kikatio cha indiketa kilicho nyuma yake, yaani kile kinachoizima indiketa usukani ukirudi baada ya kona.

Njoo upande wa injini. Pale nguzo inapokutana na stelingi boksi, yaani boksi la gia za usukani, kuna kiungo cha mpira wenye kitambaa ndani. Piga alama tena, halafu fungua nati zake mbili. Tazama vizuri, bolti hizi hazilingani unene, na ndivyo kiwanda kilivyokusudia: hutaweza kukifunga kiungo kinyume. Usizibadilishe ziwe sawa. Ukimaliza hapo, achia na fito za gia. Hata Camaro yenye gia za sakafuni ina fito inayopanda kwenye nguzo, kwa sababu 1969 ndio mwaka swichi ya ufunguo ilipohamia hapa kutoka dashibodi, na kufuli la usukani linahusiana na gia. Kwenye gia za mkono, bila kuweka rivasi ufunguo hautoki.

Ndani ya gari, chomoa soketi za nyaya za indiketa na za swichi ya kuwashia. Fungua skrubu za bamba la sakafuni, miguuni pa dereva. Mwisho kabisa fungua nati mbili zinazoshika breketi chini ya dashibodi, na hapa mwite msaidizi aishike nguzo. Itoe polepole, uilaze mezani juu ya kitambaa.

Kwanza ukaguzi, rangi baadaye. Chunguza yale matundu madogo ya shafti ambamo plastiki inaonekana. Ikiwa imekatika, au shafti inaingia na kutoka ukiivuta, hiyo nguzo imeshajikunja. Angalia pia vile vishikizo vya breketi vinavyoachia wakati wa ajali: vikicheza, vimekwisha. Kuna watu huchomelea sehemu hizi ili zisicheze. Kwangu mimi hiyo si kufufua gari, ni kumtengenezea dereva mkuki. Tafuta kipuri kizima, hata kama ni cha gari lililochinjwa.

Kichwa cha nguzo ndicho chenye kazi ya mikono. Bana bamba la kufuli kwa kifaa chake, maana springi iliyo chini yake ina nguvu, kisha toa sakilipi, ile pete ya chuma inayolishikilia bamba. Ukilibana kwa bisibisi mbili, sakilipi itaruka na utaitafuta mpaka magharibi. Toa bamba, kikatio na springi. Fungua kitufe cha hazadi (taa za tahadhari), wenzo wa indiketa, na skrubu tatu za swichi ya indiketa. Kabla hujavuta nyaya za swichi ya zamani, zifunge kamba nyembamba mwishoni. Kamba itapita zinamopita, na ndiyo itakayovuta nyaya mpya.

Safisha grisi iliyokauka, badilisha beringi za juu na chini zikiwa na mkwaruzo, tia grisi mpya kidogo. Bomba la nje lipige msasa mwepesi, praima, halafu rangi ya ndani ya gari. Funika kwa solotepu sehemu zote zinazoteleza: rangi ikiganda kati ya mabomba mawili, nguzo haitajikunja inavyotakiwa.

Kurudisha. Bolti zote ziwe zile zile au za kipimo kile kile. Bolti ndefu kidogo tu kwenye breketi inaweza kuzuia nguzo isijikunje. Ingiza kila kitu kwa mkono kwanza, bila kukaza. Tazama kiungo cha mpira: kikae bapa, kisipinde, na zile pini mbili za usalama ziwe katikati ya nafasi zake. Ukiridhika, ndipo ukaze, kwa vipimo vya kitabu cha gari. Usukani unarudi kwa alama tulizopiga, na nati yake hukazwa futipaundi 30, takriban nyutoni mita 40.

Rudisha betri. Zungusha usukani mpaka mwisho kulia, halafu kushoto. Jaribu honi. Washa indiketa kila upande uone kama inajikata yenyewe. Toa ufunguo, uone kama kufuli linashika. Ukisikia mkwaruzo unapozungusha, mara nyingi ni kifuniko cha juu ya nguzo kinaugusa usukani, kwa hiyo rudi kwenye breketi, legeza, shusha nguzo kidogo, kaza tena.