Mkono wa Mkunga na Simu ya Mwanafunzi: Kufundisha Ujuzi wa Vitendo kwa Njia ya Mtandao

Ndugu wakufunzi, wakunga wenzangu mliotoka wodini, na wanafunzi wetu, itifaki imezingatiwa. Nimeombwa nizungumze nanyi hapa Kigoma juu ya swali linaloulizwa kwa mashaka, nayo mashaka hayo yana msingi: kazi ya mikono itafundishwaje kwa mtandao? Jibu langu ni kwamba mtandao haumfundishi mtu kushika. Kazi yake ni kuyatoa maelezo marefu nje ya chumba cha mazoezi, ili saa chache tulizo nazo na mdoli wa mazoezi zitumike kwa mikono peke yake, na kumwezesha mwanafunzi aliye kituo cha mbali arudie zoezi lake huku mkufunzi akimwona.

Sote tunafahamu hali ya somo la vitendo katika vyuo vyetu. Mkufunzi anaonyesha mara moja, walio mbele wanamwona, walio nyuma wanaona visogo vya wenzao, na kipindi kinakwisha wengi wakiwa hawajagusa kifaa. Video fupi ya dakika nne, iliyorekodiwa kwa Kiswahili na kupakuliwa kabla ya kipindi, inampa kila mmoja nafasi ya mbele. Nasisitiza kupakuliwa, kwa sababu darasa la moja kwa moja linalokatika kila mara linawachosha wanafunzi na kuwamalizia bando bure.

Tuchukue mfano wa mtoto aliyezaliwa bila kupumua, ambaye anapaswa kuanza kupumulishwa ndani ya dakika ya kwanza, ile tunayoiita dakika ya dhahabu. Mafunzo ya Helping Babies Breathe, yanayowafundisha watumishi kumsaidia mtoto mchanga apumue, yalipopimwa katika hospitali 8 za Tanzania, na matokeo kuchapishwa mwaka 2013, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. Lakini katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, ilionekana kwamba mafunzo ya siku moja yaliwafanya watumishi wafanye vizuri mbele ya mdoli bila kubadilisha walichokifanya wodini. Mabadiliko yalikuja pale walipoanza kufanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara papo hapo kazini. Kwangu mimi hili ndilo jambo kubwa kuliko yote nitakayoyasema leo, kwa kuwa mwanafunzi tuliyempeleka Kalya au Buhingu, kwa boti ya ziwani, hatuwezi kumfuata kila wiki.

Huyo ndiye anayehitaji simu. Aweke mdoli mezani, mwenzake arekodi kwa upande, si kutoka juu, maana ukirekodi kutoka juu huoni kifua kikiinuka. Mkufunzi anayeitazama video hiyo jioni anaona kila kitu: kidole gumba na cha shahada vimeizunguka barakoa ya kumpumulishia mtoto au vimeibonyeza upande mmoja, vidole vilivyobaki vinainua kidevu au vinakandamiza koo, kichwa kimelazwa nyuma kidogo au shingo imekunjika hadi njia ya hewa ikaziba. Anamjibu kwa ujumbe wa sauti, naye anarudia kesho yake. Kosa linapotajwa likiwa bado mkononi hurekebishika upesi. Likisubiri mtihani wa mwisho wa muhula limekwisha kuwa mazoea.

Somo jingine linalokubali mtandao vizuri ni kukadiria damu. Macho hudanganya, na mara nyingi hukadiria pungufu, hasa damu inapofyonzwa na khanga yenye maua mekundu. Mkufunzi anaweza kumwaga mililita 500 za maji yenye rangi juu ya khanga, kisha mililita 1,000, akapiga picha na kuwataka wanafunzi waandike makadirio kabla ya kuwafunulia jibu. Zoezi hili halichukui nafasi ya kupima kwa kifaa. Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023 na kuhusisha hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulitumia shuka maalumu la plastiki lenye alama za vipimo pamoja na matibabu yanayotolewa kwa mkupuo, na madhara makubwa ya kutoka damu baada ya kujifungua yalipungua kwa asilimia 60.

Yapo yasiyokubali kabisa. Njia ya uzazi iliyofunguka sentimita tano hujulikana kwa vidole, na mfuko wa uzazi uliolegea hutofautishwa na uliokaza kwa kiganja kilichowekwa tumboni mwa mama. Hapo hakuna video. Kwa hiyo sikubaliani na vyuo vinavyotaka alama za maswali ya mtandaoni zihesabiwe kuwa alama za vitendo. Sahihi katika kitabu cha vitendo iendelee kutolewa na mkunga aliyesimama kando ya kitanda, akiwa na orodha ya hatua mkononi.

Mwisho ni faragha. Wanaorekodiwa ni mwanafunzi na mdoli, basi. Mama aliye katika uchungu harekodiwi hata kama amekubali, kwa sababu mtu aliye katika maumivu yale hana nafasi ya kukataa. Video za mazoezi zitumwe kwa mkufunzi peke yake, zisiwekwe kwenye kundi la darasa, na zifutwe baada ya kusahihishwa. Gharama ya bando iingizwe kwenye bajeti ya mafunzo kwa vitendo, kama vile glavu zinavyoingizwa.